Kisanduku cha Tano

Nilihesabu visanduku mara nne kabla meneja hajaingia. Cha tano ndicho kilichoninyima raha.

Chama cha ushirika wa maziwa, nje kidogo ya Kianjai, kilikuwa kimenipa miezi mitatu ya majaribio. Meneja alitaka kujua kwa nini foleni ya asubuhi inachelewa, nami nikajitolea kuchora chati ya mtiririko: kila hatua kisanduku chake, kila uamuzi mishale miwili, ndiyo na hapana. Wiki nzima nilisimama mlangoni nikiandika nilichoona. Sikumuuliza mtu.

Mama aliyepokea maziwa, aliyeifanya kazi hiyo tangu sijaanza shule, alikuwa akifunua mtungi na kunusa. Maziwa yakiwa yamechacha, aliufunika upesi na kuusogeza nyuma ya mlango, bila kuandika kwenye daftari la yaliyokataliwa. Mwenye mtungi aliuchukua foleni ikiisha. Kwetu, ukirudishiwa maziwa mbele ya majirani, kufikia Jumapili kanisa zima linasema unatia maji.

"'Weka nyuma ya mlango,'" meneja alisoma, kidole juu ya kisanduku cha tano kwenye karatasi ya manila. "Hii iko kwa sheria gani?"

Mama, aliyesimama kando yangu, aliangalia buti zake za mpira. Nimemfukuzisha kazi, niliwaza. Nikisema nilikosea kuchora, chati yote inakuwa uongo, na mimi ndiye nitakayefukuzwa. Nikinyamaza, anaenda yeye.

"Si hapo panapochelewesha," nilisema. "Siku ile mama alienda matanga Embu, mitungi ilifika kwa mizani bila kunuswa. Watu waligombana hapo juu ya yaliyochacha mpaka saa nne. Kinachokosekana ni mshale wa kwenda kwa daftari tu."

"Sijakuuliza hiyo. Amevunja sheria ama hajavunja?"



"Nimevunja," mama alijibu mwenyewe. "Kijana amechora ukweli. Lakini angeniuliza, ningemwambia pia hiyo mitungi ni ya nani. Jumanne kulikuwa na wa mama yako."

Karani wa mizani, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alijifanya anakohoa. Meneja aliondoa kidole kwenye chati, nami nikaanza kuhesabu visanduku tena.

"Mama yangu mimi?"

"Alisahau kuosha mtungi. Ni uzee tu. Ulitaka nimwage mbele ya watu?"

Meneja alichukua kalamu yangu, akachora mshale kutoka kisanduku cha tano hadi kile cha daftari. Mshale ulipinda. "Mtaandika namba ya mwanachama," alisema. "Jina, hapana." Akatoka.

Mama alibaki kazini. Kesho yake alfajiri aliandika namba ya kwanza, akanigeuzia daftari nisome. Hakunisalimia.