Chepngetich Anatafuta Gari

Chepngetich alikuwa na miaka arobaini na tisa alipoingia shule ya udereva mjini Kericho, na hakumwambia mumewe. Kila Jumanne na Alhamisi, akishakamua ng'ombe na kuwaonyesha wachumaji sehemu ya shamba ya kuanzia, aliaga kwamba anaenda mkutano wa kina mama, akatembea mpaka Sosiot kutafuta usafiri. Kadi yake ya mwanafunzi aliificha ndani ya debe la unga.

Hakuwa mtu wa kuficha mambo. Lakini mumewe, Noah Kipkirui, alikuwa ameendesha lori la majani ya chai kwa miaka ishirini na nane, mpaka presha ya macho ilipomwondolea kuona. Jicho la kushoto lilikwenda kwanza, la kulia likafuata. Sasa aliona mwanga wa dirisha tu. Tangu aliporudisha funguo za lori hakutaka kusikia habari za magari nyumbani kwake. Lori likipita barabarani, alinyamaza katikati ya maneno mpaka lipotee.

Kilichomsukuma Chepngetich ni pikipiki. Siku moja ya mvua, boda iliyokuwa ikimpeleka Noah kliniki ya macho iliteleza kwenye tope ikamwangusha, akachubuka mguu mzima. Hakuumia sana, ila aliogopa, na mtu asiyeona akiogopa barabara hana pa kushika. Miezi miwili ikapita bila kwenda kliniki. Mamake Noah, ambaye nyumba nzima ilimwita Kogo, yaani nyanya, naye nyonga zilikuwa zimemkatalia kanisa tangu mwaka uliopita. Chepngetich akawatazama wawili hao wamekaa sebuleni Jumapili asubuhi wakisikiliza ibada kwenye redio, akaamua.

Siri yenyewe haikudumu. Jioni moja, wakila, Noah alisema, "Mama Valary, huo mkutano wenu wa kina mama siku hizi unanuka petroli."

Akamwambia yote. Alimwambia hata kwamba mwalimu amechoka naye, kwa sababu kila wakisimama mlimani gari inamzimikia, na kwamba hawezi kuacha kutazama miguu yake anapokanyaga. Noah akamaliza chakula, akaenda kulala. Siku ya tatu, mchana, alimwita pale kwenye benchi la jikoni.

"Vua viatu. Weka mguu wa kushoto juu ya wangu. Mguu wangu ndio klachi."

"Baba Valary, nitakuumiza."

"Kanyaga."

Akakanyaga. Kisha Noah akaanza kuinua unyayo wake polepole, ukausukuma wa mkewe juu, juu zaidi, ukasimama na kutetemeka kidogo. "Hapo," alisema. "Umesikia? Hapo injini imeshika. Usikimbie hapo. Ngoja, toa breki, halafu wacha iende." Walirudia mpaka chai ikapoa vikombeni. Kogo akauliza kutoka chumba cha pili ni ngoma gani hiyo inachezwa na watu waliokaa chini. Wiki mbili baadaye Chepngetich alifaulu mtihani.

Bonasi ya chai, malipo ya ziada ya mwaka kwa wakulima, ilipotoka, binti yao Valary, muuguzi kule Nakuru, akaongezea alichoweza, na kazi ya kutafuta gari ikaanza. Noah alitaka pickup ya dizeli. Aliisifu nusu saa nzima.

"Na Kogo atapandaje?" Chepngetich aliuliza. "Tutamnyanyua kama gunia?"

Noah akafikiri. "Hapana. Basi kiti kiwe chini. Na buti ya kuingiza keni za maziwa. Na iwe gari ambayo spea zake ziko hapa Kericho, si ya kuagiza."

Yadi ya kwanza waliyoenda ilikuwa na gari jeupe linalong'aa, na bei yake ilikuwa chini kuliko walivyotegemea. Muuzaji, mwanaume mwenye sauti tamu, alimshika Noah mkono na kumweleza yeye kila kitu, kana kwamba Chepngetich alikuja kubeba mfuko.

"Ongea na huyu," Noah alisema. "Yeye ndiye dereva."

Kisha akaomba aelekezwe mbele ya gari. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda.

"Hii gari imetoka safari?"

"Hapana mzee, imelala hapa tangu juzi."

"Mbona ina joto?"

Muuzaji akacheka, akasema ni jua. Asubuhi hiyo Kericho kulikuwa na ukungu ambao ungeweza kuukata kwa panga. Injini ilikuwa imepashwa moto kabla hawajafika, ili wasiisikie ikikataa kuwaka ikiwa baridi.

Chepngetich, kwa upande wake, alikuwa amefungua mlango na kutazama chini, ile tabia yake iliyomchosha mwalimu. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika mpaka chuma kikatokeza. Akatazama kilomita kwenye dashibodi. Zilikuwa kilomita za gari la mtu anayeenda kanisani tu.

"Hizi nambari ni chache," alimwambia muuzaji, "lakini hii pedali imekanyagwa sana." Akamshika mumewe kiwiko. "Twende, Baba Valary."

Barabarani Noah alimwomba amweleze tena ile pedali ilivyokaa. Akamweleza. Noah akatembea hatua kadhaa akitikisa kichwa. "Mimi singeiona hiyo hata nikiwa na macho. Ningekuwa nimeshaingia kwa injini."

Gari walilolipata halikuwa kwenye yadi. Monicah Adoyo, karani wa shamba moja kubwa la chai upande wa Kapkatet, alikuwa anastaafu na kurudi kwao Ugenya, na alikuwa anauza stesheni wagoni yake, gari la chini lenye buti ndefu, la miaka kumi na tano na gia za mkono. Walimkuta akifunga vyombo kwenye maboksi. Kabla hata hawajakaa, alianza kuisema vibaya.

"Nikuambie ukweli, dada. Inakunywa oili kidogo. Mlango wa nyuma kushoto haufunguki ukiwa ndani. Hita ilikufa. Lakini haijawahi kuniacha njiani, na watoto wangu wanne wamepelekwa shule nayo. Sitaki kuiuza kwa mtu ataitesa."

Noah akagusa boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe. Adoyo akawasha, injini ikakohoa mara moja, ikatulia. Noah alisimama ameinamisha kichwa, na Chepngetich akaona uso wake ukichangamka kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu zile funguo za lori zirudishwe.

Kisha ikawa zamu ya Chepngetich kujaribu. Noah akakaa kiti cha abiria, Adoyo nyuma. Katikati ya mlima unaotoka kambi za wafanyakazi, trekta ikawasimamisha, na ilipoondoka, gari likazimika. Akawasha. Likazimika tena. Nyuma yao mtu akapiga honi.

"Mguu wangu," Noah alisema kwa sauti ya chini. "Uko juu ya mguu wangu."

Chepngetich akatazama mbele. Akainua mguu polepole, akasikia kule kutetemeka, akangoja, akatoa breki. Gari likapanda. Adoyo akapiga makofi huko nyuma kama yuko kwenye harusi.

Walipoelewana bei na uhamisho wa umiliki ukapita, Adoyo aliwapa pia mto wa kiti aliokuwa ameushona mwenyewe. Kogo ndiye aliyeuchukua. Jumapili iliyofuata aliketi juu yake hadi kanisani, akaingia amechelewa makusudi ili watu wageuke.

Noah akarudi kliniki. Daktari alimwambia wazi kwamba kilichokwenda hakirudi, ila ule mwanga wa dirisha unaweza kulindwa kwa dawa asipokosa tena. Hajakosa.

Mwezi wa pili tangu wanunue gari, Chepngetich aligonga nguzo ya geti akirudi nyumbani. Aliingia ndani akilia. Noah akatoka, akapapasa ubavu wa gari mpaka akaufikia mbonyeo, akaupima kwa vidole.

"Hii ni ndogo," alisema. "Mimi mwaka wangu wa kwanza niliangusha ukuta wa kantini ya kiwanda. Wapishi walitoka wakikimbia na miiko."

Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita. Noah hakuwahi kumwambia hayo. Chepngetich akafuta machozi, akakaa kwenye ngazi, akamwambia amsimulie kuanzia mwanzo.