Nikahi Ilifungwa Wasini

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu. Ni siku Mzee Shee wa Diani alipokaa mkekani kwetu, hapa Msambweni, akanywa kahawa yangu, akakiweka kikombe chini taratibu, kisha akaniuliza kama baba yangu alimwoa mama yangu.

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuja kumposea mpwa wake, Bakari, dada yangu Mwanasiti. Wazazi wetu walikuwa wamefariki, mmoja baada ya mwingine kwa miezi michache, nami nikaacha shule darasa la nne, nikaenda kukata miwa Ramisi ili wadogo zangu wale. Miaka sita nilikuwa baba na mama. Na kwa kuwa baba hayupo na babu hayupo, walii wa Mwanasiti, yaani mwenye haki ya kumwozesha, nilikuwa mimi. Lakini Diani kulivuma kwamba sisi ni watoto wa nje ya ndoa, ambao kisheria hawaozeshani, na kwamba hakuna aliyewahi kukiona cheti cha wazee wetu.

"Cheti kililiwa na mchwa, mzee wangu," nikamwambia. "Lakini tazama hiki."

Nikamtolea kipande cha gazeti kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya msahafu wa baba. Kilitoka katika gazeti la Kiswahili la Mombasa, lililokuwa likitia salamu na habari za watu wa pwani. Maneno yake niliyajua kwa moyo: "Twampongeza ndugu yetu Hamisi Juma kwa kuoa. Karamu ilifanywa kwake Msambweni, watu wakala wakasaza."

Mzee Shee akakisoma, akanirudishia. "Gazeti, mwanangu, hata muuza samaki hufungia. Sisemi wewe ni mwongo. Lakini ukiozesha na huna haki, si ndoa ya vijana hawa itaharibika? Nitafutie daftari la ndoa. Au kadhi amwozeshe yeye."

Kadhi kumwozesha ingekuwa halali kabisa. Ila fikiri, mwanangu: msichana ana kaka mzima, kaka amekaa pembeni, na anayemwozesha ni mtu baki. Arusi yenyewe ingekuwa ndiyo mbiu ya kuthibitisha uvumi. Mwanasiti aliyasikia yote akiwa nyuma ya pazia. Mgeni alipokwenda zake akatoka, macho makavu, akaniambia, "Kaka, usiponiozesha wewe, mimi siolewi."

Nikaanza kutafuta. Nikaenda kwa mwalimu wa hapa Msambweni aliyekuwa na kibali cha kuozesha. Akafunua madaftari yake yote, hakuna. Nikapanda Kwale, ofisini kwa kadhi, kwa lori la asubuhi, ukungu wa vilima ukinilowesha shati. Karani akafunua, hakuna. Nikarudi mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu yule karani akavua miwani.

"Wewe kijana, mama yako kwao ni wapi?"

"Wasini."

"Na nikahi hufungwa kwa nani? Kwa bwana arusi au kwa bibi arusi?"

Nikayainamia madaftari yake.

"Basi watafuta madafu juu ya mwembe! Hiyo ya gazetini ni karamu ya baadaye, mke alipokwisha kuletwa kwa mumewe. Aliyeandika alikula pilau Msambweni, akaandika alichokula. Nenda Wasini, yakhe, utuache tupumzike."

Watu waliokuwa barazani wakacheka. Mimi sikucheka, na nitakuambia kwa nini. Nilikuwa najua. Nani wa pwani asiyejua kwamba mke huozeshwa kwao? Nilijifanya nimelisahau jambo hilo, nikashikilia karamu ya gazetini, kwa sababu Wasini nilikuwa nimeapa sitakanyaga.

Sababu ni hii. Mama alipokufa, dada yake mkubwa, Bi Mwanakombo, alivuka kutoka Wasini akaniomba amchukue Mwanasiti akamlee. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne, nimejaa huzuni, na nilidhani anakuja kutugawa kama vyombo vya marehemu. Nikamjibu mbele za watu, "Rudi kwenu, Mama Mkubwa. Sisi hatuna haja ya watu wa Wasini, na wallahi kwenu sikanyagi." Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona wiki moja. Ulimi wangu ulikaa na jeraha miaka sita.

Nikashuka Shimoni, nikavuka kwa mashua hadi kisiwani Wasini. Bi Mwanakombo nilimkuta uani akipepeta mchele. Nikasimama mbali.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Si uliapa?"

"Niliapa."

"Basi una kafara ya kiapo. Utafunga siku tatu." Akauweka ungo chini. "Lakini utaanza kesho. Leo kula kwanza, umekonda kama muwa uliotafunwa."

Nikala huku machozi yakinidondoka sahanini, naye akajifanya hayaoni. Nilipokwisha kumweleza haja yangu, akatikisa kichwa. "Umemtafuta mama yako kila mahali ila kwao," akasema. "Mkataa kwao mtumwa, mwanangu. Miaka yote hii nimekaa nikingoja uje uniulize neno moja tu."

Akanichukua hadi kwa mwalimu mzee wa kisiwani. Daftari lake lilikuwa limefungwa kitambaa cheupe. Akafunua polepole, akilowesha kidole, nami nikisoma kwa taabu kwa ile elimu yangu ya darasa la nne. Jina la baba likatokea. Mume, Hamisi bin Juma wa Msambweni. Chini yake alama ya dole gumba, kwani baba hakujua kuandika. Mke, Fatuma. Mashahidi wawili. Na kwenye mstari wa walii palikuwa pameandikwa: "Kaka yake, baba akiwa amefariki."

Nikausoma mstari ule mara mbili. Mama naye alikuwa yatima, mwanangu, na aliyemwozesha alikuwa kaka yake. Sikuwa nimeambiwa.

"Mjomba wako, Mungu amrehemu," Bi Mwanakombo akasema. "Alikuwa kijana kama wewe. Mkono ulimtetemeka hata bwana arusi akamwambia, 'Shemeji, nishike vizuri, sitoroki.'"

Tulicheka sote watatu. Mwalimu akaniandikia nakala na kutia sahihi. Mzee Shee alipoisoma aliibusu karatasi, akaniomba radhi mbele ya watu.

Ijumaa iliyofuata niliushika mkono wa Bakari nikamwozesha dada yangu. Mkono wangu nao ulitetemeka. Bi Mwanakombo alikuwa chumbani na bibi arusi, na kigelegele cha kwanza kilikuwa chake.

Kisha nikakaa na kalamu, nikaandikia gazeti. Herufi zangu zilikuwa mbaya, lakini niliandika yote: nikahi ilifungwa Msambweni, nyumbani kwa bibi arusi, walii ni kaka yake, karamu ilifuata Diani, kwa bwana arusi. Nilitaka atakayetafuta baada yetu asipotee kama nilivyopotea mimi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Karatasi ni shahidi, na shahidi husema alichokiona tu; kwa hiyo muulize na yule aliyekuwa mahali ambapo karatasi haikufika. Usijifungie mlango wa upande wa mama yako kwa sababu ya neno la hasira, maana siku utakapouhitaji, mkono utakaougonga ni wako. Na ukiapa kwa ghadhabu, fanya haraka kulipa kafara na kwenda kuomba radhi. Siku tatu za njaa ni nyepesi kuliko miaka sita ya ukiwa.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa taratibu, akujalie kwa baba na kwa mama pote pawe kwenu, na kila utakapobisha hodi pasikosekane wa kukuitikia karibu. Amin.