Neno la Mama Mkwe

Imrani alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Chang'ombe, na tangu Dodoma ianze kujaa majengo mapya hakuwa na muda wa kupumua. Siku mama mkwe wake, Bi Joha, alipofika kutoka Kondoa, alimkuta bado ana vumbi la chuma mikononi. Imrani alimwamkia, akampokea kikapu. Bi Joha alimshika binti yake Shamila kidevu, akamtazama kitambo, kisha akamgeukia mkwewe.

"Baba, mwanangu amesawijika."

Akaingia ndani kutawadha.

Imrani hakulijua neno lile, na aibu ilimzuia kuuliza. Lakini lilivyotamkwa, polepole, kama ushahidi mbele ya kadhi, lilimkaa kichwani. Mwaka juzi dada yake Shamila alichukuliwa na Bi Joha kutoka kwa mumewe kwa kisa cha kutotunzwa, na hakurudi tena. Huenda safari hii ilikuwa ya namna hiyo hiyo.

Kesho yake aliharibu kona ya geti mara mbili. Alimuuliza Luka, fundi mwenzake wa Mvumi ambaye Kigogo kilimtoka vizuri kuliko Kiswahili. Luka alidhani labda ni kusawazika, yaani mambo yao yamekaa sawa. Imrani alitamani kuamini, moyo ukakataa.

Baada ya swala ya adhuhuri alimfuata Mzee Abdulnasiri, mwalimu wa Kurani. Mzee alikiri kwamba hajui neno hilo limetoka lugha gani. Alijua tu kuwa bibi zake walilisema kwa mtu aliyepigwa na maradhi au msiba, sura ikaharibika hata jirani akasita kumwita jina. Imrani akauliza kama si sawa na kuchakaa.

"Mkeka huchakaa kwa kukaliwa," mzee alijibu. "Aliyesawijika kuna jambo limempata. Umemuuliza ni jambo gani?"

Hakuwa amemuuliza. Miezi miwili nyuma mtoto wao wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa. Walimzika, na wiki iliyofuata Imrani akarudi kwenye mageti yake. Hawakuwahi kulizungumza.

Alifunga kazi mapema. Alimkuta Shamila jikoni ameegemea ukuta, mashavu yamebonyea, midomo haina rangi, akashangaa amekuwa akila naye sahani moja bila kuona. Alimuuliza. Shamila akasema tangu ajifungue damu haikuwahi kukoma sawasawa.

"Nilinyamaza kwa sababu wewe ulinyamaza. Nilidhani unanilaumu."

Walikwenda hospitali saa ile ile, Bi Joha nyuma yao. Kusubiri majibu kulimchosha Imrani kuliko kazi ya siku nzima. Daktari alisema kuna mabaki kwenye kizazi na damu imepungua mno. Shamila alilazwa, akasafishwa, akaongezwa damu. Imrani naye akatoa yake.

Shamila alipopewa ruhusa ya kutoka hospitali, Bi Joha alimchukua kwao Kondoa akapumzike. Imrani hakuthubutu kuuliza ni kwa muda gani. Alipiga simu kila jioni baada ya kazi, na majibu yalikuwa mafupi. Wiki ya tatu Shamila alimtajia jina alilokuwa amempangia mtoto: Mgeni. Imrani alilirudia, sauti ikamkatika, wakalia wote wawili kwenye simu.

Shamila alirudi baada ya wiki sita. Alikuwa bado mwembamba, lakini hakuwa amesawijika tena.