Kuhamia Diski Nyingine

Diski ya kompyuta yangu ilikufa mchana, nikiwa jikoni nachemsha githeri ya mtu mmoja. Ilikoroma kidogo, kisha kimya. Kwanza sikushtuka. Maisha yangu yote nimetunza kompyuta za mfumo wa Unix, na mtu wa kazi hii asiye na nakala ya akiba ni sawa na mkulima aliyekula mbegu. Akiba haiozi, na yangu ilikuwa kabatini, kwenye diski ndogo ya pembeni.

Lakini niliitoa polepole, kwa mikono miwili, kwa sababu humo ndimo ilimobaki sauti ya marehemu mke wangu. Sisemi nyimbo; nyimbo za kwaya yake ya Makongeni kila mtu anazo kwenye simu. Mimi nilikuwa nikirekodi mazoezi mazima, na sauti yake akiwagombeza waimbaji kati ya wimbo na wimbo ilikuwa kwangu tu.

Nikaenda Thika kutafuta diski. Ya aina ile haikuwepo, muuzaji akanipa nyingine, kubwa zaidi.

"Mzee, si hii itashika vitu zako zote na nafasi ibaki?"

Nikamwambia siku hizi sina vitu vingi. Akacheka, akidhani natania.

Nyumbani Ruiru niliifunga diski mpya kwenye mashine, nikairudishia faili zote, nikawasha. Mashine ikaamka nusu, kisha ikakaa tu, inangoja. Niliikodolea macho hadi chai ikapoa, ndipo nikaelewa. Kila diski hupewa nambari yake ndefu, na mashine huandikiwa nambari hiyo kwenye faili moja ya mipangilio ili ijue pa kupata vitu vyake. Faili hiyo nayo nilikuwa nimeirudisha kama ilivyokuwa. Basi mashine ilikuwa ikiitafuta diski iliyokufa, na nyingine haikuitaka.

Nilicheka, nikakasirika, halafu nikalia, na sioni haya kusema. Tangu nihamie peke yangu mtaa huu wa Kimbo, hapa Ruiru, bado nalala upande mmoja wa kitanda. Kufuta nambari ile ya zamani kulinichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yote.

Nikaandika nambari mpya, nikawasha tena. Safari hii ikaamka sawasawa.

Nikafungua rekodi ya mazoezi yake ya mwisho.

"Haiya! Soprano, mnakimbia wapi? Kwani kuna ng'ombe imefunguka?"

Wanawake wanacheka. Wimbo unaanza, anaukatiza, unaanza tena. Mwishowe viti vinaburutwa, na sauti yake inasogea karibu, imechoka.

"Wee mzee, zima hiyo kitu twende nyumbani."

Rekodi inaishia hapo, kwa sababu siku hiyo nilimtii.