Vilele vya Neno Kurudi

Miaka ile ya vita vya Kongo, mama yangu alikataa kulima Dzaleka, kambi ya wakimbizi tuliyokimbilia nchini Malawi. Majirani walikuwa na mboga nyuma ya nyumba zao. Sisi tulikuwa na udongo mtupu.

"Mi nilime ya nini?" aliniuliza. "Vita iko karibu kuisha. Tutarudi kwetu Fizi."

Mimi nilikuwa nikishona nguo, na siku za ibada nilifundisha akina mama wa kanisa letu pale kambini. Ndivyo nilivyoalikwa kwenye semina Lilongwe, katika chuo kidogo cha Biblia katika mtaa wa Area 23. Mwalimu wetu, Mmalawi mpole, alituonyesha programu ya kusomea Biblia kwenye kompyuta.

"Nipe neno lolote tulitafute," aliniambia.

Sikufikiri. Lililonitoka mdomoni ni "kurudi."

Akaandika, akabonyeza, na kioo kikajaa nguzo za buluu. Kila kitabu cha Biblia kilikuwa na nguzo yake: fupi pale neno lilipotajwa mara chache, ndefu pale lilipotajwa sana. Nilitazama mpaka nguzo zikaacha kuwa nguzo. Niliona milima ya kwetu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala chini yake. Mtu angeniita wakati ule, nadhani ningeitikia kutoka kule.

Nguzo iliyozidi zote ilikuwa ya kitabu cha yule aitwaye nabii wa machozi, aliyewalilia watu wake waliochukuliwa uhamishoni. Niliichora grafu nzima kwenye karatasi, nikaenda nayo nyumbani.

Mama aliishika kwa mikono miwili. "Hii njo nini?"

"Ni neno kurudi, mama. Hapa ndipo limesemwa sana."

Akapitisha kidole juu ya vilele, polepole, kama anayepanda. "Basi tusome hapa pa juu."

Tukawa tunasoma mlangoni kila alasiri, yeye akiwa amefumba macho. Siku tulipofika kwenye barua ambayo nabii aliwaandikia watu waliohamishwa mbali, akiwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kula mazao yake, alifumbua macho.

"Ngoja. Iko kitabu ileile?"

"Ileile, mama."

"Ile ya kurudi?"

"Njo hiyo."

Alitazama upepo ukipeperusha vumbi la uani. Kisha akasema, "Mwanangu, nenda kwa ule jirani Mrundi, umuombe jembe."

Mwaka ule tulikula lengalenga zetu wenyewe, ule mchicha wa kwetu. Mama hakuacha kusema tutarudi. Alilisema neno hilo akiwa ameinama, vidole vikiwa ndani ya udongo, kwa sauti laini kama ya mtu anayeimba usingizini.