Mwili wa Bakili na Kiti cha Karani

Inatangazwa kwa wakulima na wafanyakazi wote kwamba Ndugu Bakili, hamali wa ghala letu hapa Kariakoo, ameshinda sataranji kwa nguvu ya mchakamchaka. Anayebisha ajiandikishe kwa Katibu wa tawi.

Mimi nabisha.

Bakili alitoka Lindi na mgongo mzima. Miaka kumi na miwili ya magunia ya mchele imeukunja. Sataranji alifundishwa na Mzee Sadalla, fundi cherehani wa Ilala, kwenye ubao uliokosa farasi mmoja, wakaweka kifungo cha koti. Basi tawi liliposema mshindi wa sataranji siku ya Sabasaba atapewa kiti cha karani wa ghala, Bakili alikitaka kiti kile kama mgonjwa anavyotaka uji.

Katibu Melkiori, ambaye kitambi chake hufika mkutanoni kabla yake, alikuwa amesoma gazetini kwamba mabingwa wa Ulaya hukimbia na kuogelea. Akaamuru mchakamchaka kila alfajiri, Ilala hadi Magogoni na kurudi, yeye akihesabu vichwa ndani ya Landrova. Bakili akamweleza kwamba anabeba magunia kutwa nzima. Akajibiwa kuwa kubeba ni kazi, mazoezi ni mazoezi, asichanganye mafaili. Akakimbia. Kisha akabeba.

Fainali alikutana na Ignasi wa uhasibu, kijana laini aliyezoea kusinzia baada ya chai ya saa nne. Saa ya kwanza Ignasi alimchezea kama paka anavyochezea panya. Saa ya tatu akapiga miayo. Saa ya tano jasho likamwingia machoni, akamwacha malkia wake mbele ya farasi wa Bakili. Bakili hata kola haikulowa; kwa hamali, saa tano za kukaa ni mapumziko.

Katibu akapanda jukwaani. Akasema mnaona wenyewe, mwili ndio akili. Halafu, bila haya hata ya kukopa, akasema mwili wa namna hii ukikalishwa ofisini ni hasara kwa Taifa. Kiti akapewa Ignasi, ambaye afya yake, maskini, hairuhusu kazi nzito. Na watu wakapiga makofi, washenzi sisi.

Katibu akamwambia Bakili awaeleze wananchi mazoezi yalivyomsaidia, kisha awahi, lori la mchele linamngoja.

Bakili hakuinuka.

"Nimeshinda kwa kuwa nilikuwa nimekaa," akasema. "Na bado nimekaa, Ndugu Katibu."