Kisiki cha Sipre ya Ornella

Mwezi wa Desemba Bukavu ina Wakristo wa aina mbili: wenye mti wa Noeli wa plastiki na wenye mti wa kukatwa. Wa plastiki huutoa kwenye katoni, wakaukunjua matawi, wakajiona watu wa kisasa. Wa kukatwa hununua sipre barabarani, wakaisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga na kujisifu kwamba nyumba inanukia Noeli. Mimi ninao wa plastiki. Mguu wake mmoja umevunjika, nauegemeza ukutani. Sikuwa na maneno na upande wowote mpaka mwaka juzi. Sasa ninayo mengi, na ninayasema kwa sababu jirani yangu hapa Cimpunda, Maman Nsimire, hayasemi.

Nsimire anauza sambaza, visamaki vya ziwani vinavyotoka Kalehe. Ni mwanamke mkavu. Akikupimia anasawazisha kikombe kwa kiganja, na ukimwomba nyongeza anakutazama mpaka unaona haya. Alizaa mtoto mmoja tu, tena alichelewa kumpata. Ornella alikufa kwa homa ya siku tatu, akiwa na miaka sita, mwaka wake wa kwanza wa shule.

Kwenye makaburi yetu ya kilimani msalaba wa chuma haumalizi mwezi, unaishia kwa wanunuzi wa vyuma. Wa mbao unageuka kuni. Kwa hiyo shemeji yake alimletea taji la maua ya plastiki, akamwambia halitaoza kamwe. Nsimire alimrudishia.

"Ya plastiki haina mizizi," alisema. "Miye nataka kitu yenye itabakia naye."

Akapanda mche wa sipre, kimo chake sawa na cha mtoto. Ili upepo usiulaze, aliufunga kwenye kijiti kwa kipande cha sketi ya buluu, ile ya shule. Kijiti kilioza, mti ukanenepa, gome likameza fundo. Kikabaki kimkia cha buluu kikichungulia usawa wa goti.

Alikuwa akienda mara mbili kwa mwaka, tarehe mbili Novemba na mkesha wa Noeli. Alikuwa akisimama kando ya mti na kujipima nao, na akirudi ananiambia, "Amefika mu bega." Mwaka wa saba alirudi anacheka, nami nakumbuka kwa sababu si kawaida yake. "Delphine," aliniambia, "amenipita."

Wengine walipoona sipre haiibwi, nao wakapanda. Upande ule wa kilima ukawa msitu mdogo. Mvua zilisawazisha matuta, njia ikahama, lakini Nsimire hakujali. Hakuwahi kuhesabu safu wala hatua. Aliingia kati ya miti, akainama kutafuta ile buluu, akafika kwa mwanawe.

Sasa mwaka juzi miti ya plastiki ilikuwa adimu mjini, na hata waliokuwa wakidharau sipre wakaitaka. Tarehe ishirini na tatu Desemba tulipanda kilimani na majembe yetu ili kupalilia mapema. Hakukuwa na mti hata mmoja. Kulikuwa na visiki, thelathini na kimoja, vyeupe bado. Nilivihesabu kwa sababu sikujua la kufanya na macho yangu.

Papa Mushagalusa, mlinzi wa makaburi, alikuwa amekaa juu ya jiwe. "Bantu balikuya juzi na kamio ya mizigo," alisema. "Balinionesha karatasi yenye muhuri. Balisema banapeleka Nguba."

"Karatasi ilikuwa inasema nini?" nilimuuliza.

"Miwani yangu ilivunjika, maman."

Nilimtukana, na sitajificha. Nsimire hakutusikia hata kidogo. Alikuwa akipita kisiki kwa kisiki, ameinama, anatafuta kimkia cha buluu ambacho kilikuwa kimeondoka na mti. Alifika kisiki cha mwisho, akaanza tena cha kwanza. Nikamshika mkono nikamwambia turudi nyumbani.

"Muti iko Nguba," alisema. "Niko naenda."

Njiani alinieleza mpango wake. Kila mti uliokatwa una sura yake chini, shoka huacha alama kwenye shina na alama hizohizo kwenye kisiki. Akiupata mti, atauleta, ataujaribu juu ya kila kisiki, na kimoja kitaukubali kama sufuria inavyokubali mfuniko wake. Nilijibu ndiyo. Ungemjibu nini?

Nguba ni mtaa wa matajiri, watu wa mageti. Nsimire alibisha hodi kila geti na swali lake moja: "Muko na muti ya Noeli ya kweli, ama ya plastiki?" Wa plastiki aliwashukuru akaendelea. Wa kweli aliwaomba aingie kuuangalia, na wengi walimcheka. Geti la kumi na moja alitufungulia mpishi, na mwenye nyumba, Maman Chantal, akaturuhusu mpaka sebuleni. Mti ulikuwa na taa na nyota. Nsimire alipiga magoti, nikadhani anasali. Alitenganisha matawi ya chini, na buluu ilikuwepo.

"Uyu muti tulinunua," Maman Chantal alisema kwa ukali.

"Najua, maman. Kaburi ya mutoto yangu, njo alama yake hii. Sina ingine."

Maman Chantal alitazama kile kitambaa. Kisha akaanza kuzitoa taa yeye mwenyewe. Watoto wake walilia. Mume wake, Papa Patrice, alikwenda stoo kuleta mti wao wa zamani wa plastiki. Niliwapenda watu hao, nikaona tumefika.

Nsimire aliung'oa mti kwenye ndoo, akaupindua. Shina lilikuwa limechongwa kwa panga pande zote, limekuwa jembamba.

"Ni nani alichonga?"

"Ni miye," alisema Papa Patrice. "Haikuwa inaingia mu ndoo."

"Na vipande?"

Papa Patrice alimtazama mpishi. Mpishi alitazama jiko lake la mbabula pale uani. "Tulipikia maharagi," alisema.

Mimi ningepiga kelele. Nsimire alisema aksanti, akauweka mti kichwani kama beseni la sambaza, tukatoka.

Asubuhi ya mkesha tulikuwa kilimani. Alama za shoka hazikuwepo tena, kwa hiyo tulipima unene kwa kamba pale juu ya mchongo, kisha tukausimamisha mti juu ya kila kisiki. Vingi vilikataa, vinene au vyembamba mno. Cha tisa kilikubali. Nsimire alikaa chini, akaukumbatia mti uliosimama juu ya kisiki, akalia kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Alikuwa amempata. Uso wake ulikuwa umetulia.

Hapo ndipo nilipopaswa kumshika mkono turudi. Lakini mimi ni mtu wa kumaliza kazi. Nilimwambia tujaribu na vilivyobaki, tuwe na hakika.

Cha kumi na mbili kilikubali. Cha kumi na tisa kilikubali. Cha ishirini na sita pia.

Tangu siku hiyo Nsimire anapalilia makaburi manne. Novemba iliyopita nilimsindikiza na mishumaa minne. Kwenye kisiki cha kumi na tisa tulimkuta Papa Bulonza, mmoja wa wale waliopanda sipre, amepiga magoti, ana hakika kwamba hapo ndipo alipolala mama yake. Nsimire hakubishana naye. Alingoja amalize, akawasha mshumaa wake kando ya ule wa Bulonza, akasali Salamu Maria ileile aliyosali kwenye vile vingine.

Tukiteremka alizungumza mara moja tu, bila hasira. "Delphine, ungeniachaka na ile ya kwanza."

Ni mimi niliyesema tuwe na hakika.